Jina la Baba

Fomu ya kitambulisho ilikuwa na kurasa mbili, na mimi nilikwama kwenye mistari ya mwanzo kabisa. Jina la kwanza. Jina la baba. Jina la babu.

Tulikuwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, Dar es Salaam, tumejipanga kwenye mabenchi ya mbao tangu saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu na kalamu yake ya bluu na bahasha ya nakala za vyeti. Mzee mmoja aliyekaa pembeni yangu alikuwa amesahau miwani nyumbani, akaniomba nimjazie ya kwake. Nikamwuliza jina la baba, akalitaja. La babu, akalitaja. Kisha, bila kuulizwa, akaendelea na baba wa babu, na wa nyuma yake, mpaka na mto waliouvuka walipohama. Alikuwa anahesabu kwa vidole huku ametabasamu. Fomu yake niliimaliza kwa dakika tano. Yangu ilinichukua karibu saa nzima.

Nilikuwa na miaka 29. Nilikuwa mhasibu, mke wa mtu, mwimbaji wa kwaya, mtu anayekabidhiwa michango kwenye kamati za harusi kwa sababu hela haipotei mikononi mwangu. Na tangu darasa la kwanza nafasi ya jina la baba nilikuwa naijaza jina la mjomba wangu, kaka yake mama. Siku zote mkono ulikuwa unaandika wenyewe. Siku ile uligoma. Nadhani ni yule mzee na mto wake. Mwishowe nikaandika lilelile la mjomba, nikatia saini kwamba maelezo niliyotoa ni ya kweli, nikaenda kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole.

Kwetu jina halisimami peke yake. Unaitwa wewe, wa baba fulani, wa babu fulani, na hayo mawili ya nyuma ndiyo yanayokupa mahali pa kukaa. Nilikulia kijijini, wilaya ya Muheza, na kule mzee akikukuta njiani hakuulizi unaitwa nani. Anauliza, "Wewe mtoto wa nani?" Ukishajibu, uso unamfunguka: "Aaa, kumbe mjukuu wa fulani!" Hapo umeshakuwa mtu. Mimi nilijifunza kutoa shikamoo yangu haraka na kupita kabla swali halijafika.

Nimelelewa na bibi, mama yake mama. Alikuwa akiuza machungwa barabarani, mafungu ya matano matano juu ya gunia, na mabasi ya Tanga yakipunguza mwendo alikuwa anakimbia na beseni kichwani kama msichana. Mama alikuwa mjini akitafuta maisha. Baba alikuwa dereva wa lori aliyekuwa akipita mashamba ya mkonge, akapita na maisha ya mama yangu, akaendelea na safari. Haya niliyajua kwa vipande. Kipande kimoja nilikiokota jikoni nikiwa nimejifanya nimelala, kingine kwenye ugomvi wa mama na shangazi wa jirani, na kimoja, neno lenyewe kavu ambalo Kiswahili kinalo kwa watoto kama mimi, nilirushiwa na mtoto mwenzangu kisimani. Mjomba ndiye aliyenipeleka kuandikishwa shule. Mwalimu alipouliza jina la baba, mjomba akataja lake na kuniwekea mkono begani. Nilikuwa na miaka saba na nilielewa kila kitu. Sina ugomvi na jina lile. Lilikuwa shati ambalo mtu alivua mwilini mwake akanivika.

Bibi alipenda kunisimulia ubatizo wangu. Kanisa lilikuwa limemtenga mama kwa ajili ya mimba yangu. Haruhusiwi Meza ya Bwana, haruhusiwi kusimama mbele na mtoto. Basi bibi akanibeba yeye. Mama akabaki nje chini ya mwembe, akisikiliza. "Padri akaniuliza, mtoto huyu aitwe nani," bibi alikuwa akisema, huku akinisuka nywele kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, "nikamtajia jina lako. Basi. Hakuniuliza jingine, mke mwenzangu." Nilikuwa nasikia hadithi hiyo kama watoto wanavyosikia hadithi za kuzaliwa kwao. Sikuisikia hasa mpaka nilipofika miaka thelathini na kitu.

Niliokoka nikiwa kidato cha tatu, kwenye mkutano wa Pasaka wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo. Sitaki mtu asome makala hii akadhani naudharau usiku ule. Nililia mpaka sauti ikakauka, na Yesu niliyekutana naye pale ndiye huyu huyu ninayemwandika sasa. Nilishuhudia hasira zangu, wivu wangu, uongo wangu wa kitoto. Lakini kitu kimoja nilikiacha sandukuni, na sikukiacha kwa makusudi. Nilidhani kimeshughulikiwa. Si nimeambiwa ya kale yamepita?

Mafundisho juu ya utambulisho wa Mkristo yamejaa siku hizi, redioni, kwenye semina, kwenye simu zetu. Mhubiri anakwambia shika kifua, sema: mimi ni mwana wa Mfalme, mimi ni kichwa wala si mkia. Nimeyasema hayo miaka mingi, tena kwa sauti, tena mbele ya kundi la wasichana niliokuwa nawafundisha. Maandiko hayo siyatilii shaka hata nukta moja. Ninachosema ni namna nilivyoyatumia. Anayeishi pwani anazijua kuta zinazopandisha unyevu: unaweza kupaka rangi nzuri kila Desemba, na kila masika rangi inavimba, inabanduka, chumvi inatoka. Ukuta hauponi kwa rangi. Nilikuwa napaka "mwana wa Mfalme" juu ya "mtoto wa nani wewe", na kila penye msiba, harusi au fomu, ukuta unavimba upya. Na nikiri jambo jingine: utambulisho wa kifalme ulinifaa sana kwa sababu ulikuwa mkubwa. Ulinipa cha kuwazidi walionizidi. Hiyo ni njaa ya mtoto asiye na jina, imevaa nguo za kanisani.

Kisha baba akafariki.

Mama alinipigia simu usiku. Akasema, "Yule baba yako amefariki. Nimeona nikwambie." Katika maisha yangu yote hakuwahi kuyaweka maneno hayo mawili pamoja, baba na yako, na aliyaunganisha siku ambayo hayana kazi tena. Nikamwambia mume wangu naenda msiba wa ndugu wa mbali. Nikapanda basi peke yangu.

Nilikaa chini ya turubai pamoja na wageni, khanga kiunoni kama wanawake wote. Ilipofika historia ya marehemu, kijana mmoja akasimama na karatasi iliyochapwa. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, alianza kuendesha magari mwaka gani. Niliipokea kila sentensi kama mtu anayelishwa. Ndipo akasoma: marehemu alijaliwa kupata watoto watano, wa kike watatu na wa kiume wawili. Waombolezaji wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Mimi nilikuwa naangalia msichana aliyekuwa akigawa maji ya chupa. Aliponinyooshea chupa niliona kidole chake cha mwisho kimepinda ndani kidogo, mkono wa kulia. Nikapokea kwa mkono wangu wa kulia. Vidole viwili vya aina moja vilikuwa juu ya chupa moja, naye akasema, "Pole, dada," kama anavyoambiwa mtu yeyote, akasogea kwa mwingine.

Wakati wa kuweka mashada wakaitwa kwa zamu. Mjane. Watoto. Wajukuu. Ndugu. Wafanyakazi wenzake. Mimi nilikwenda na kundi la mwisho, majirani na marafiki.

Niliporudi nyumbani niliomba kidogo sana kwa miezi kadhaa. Nilikwenda kanisani, niliimba, nilitunza hesabu za kwaya. Nikifika kwenye "Baba yetu uliye mbinguni" nilikuwa naingilia katikati, kwenye "jina lako litukuzwe", kama mtu anayeruka ngazi iliyooza.

Mwaka uliofuata nikatumwa Unguja kwa kazi ya siku nne. Siku ya tatu tulimaliza mapema, nikatembea Mji Mkongwe bila mpango, nikajikuta Mkunazini, mbele ya Kanisa Kuu la Kristo. Mimi ni Mwanglikana wa Tanga. Nilikuwa nimelisikia kanisa lile tangu shule ya Jumapili na sikuwahi kuingia. Nje, upande mmoja, kuna shimo, na ndani ya shimo wamesimama watu wa kuchongwa, minyororo shingoni. Minyororo ni ya kweli. Wanatazama kila mmoja upande wake.

Pale ndipo lilipokuwa soko la watumwa. Lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa palepale. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi; alipofariki 1882 akazikwa nyuma ya madhabahu. Kwenye nguzo kuna msalaba mdogo wa mti, na mti wenyewe ulitoka Chitambo, mahali moyo wa Livingstone ulipozikwa. Wageni wengi walikuwa wanaupiga picha huo. Mimi nilivutwa na sakafu. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Kijana aliyekuwa akitutembeza akasema hapo ndipo uliposimama mti waliofungwa watumwa na kuchapwa. Niliinama nikaigusa. Ilikuwa baridi, ina vumbi jembamba la viatu vya watu waliotangulia siku ile.

Nikakaa kwenye benchi la mbele. Nikawaza kitu ambacho mtumwa huporwa mapema kuliko nguvu zake. Anaporwa jibu la "mtoto wa nani wewe". Amevuka bara zima kwa miguu, amevuka maji, na hapa sokoni hakuna hata mtu mmoja anayemjua baba yake. Kuanzia sasa ataitwa wa fulani, na fulani ni aliyelipa.

Misheni iliyojenga kanisa lile ilifika Unguja mwaka 1864. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa; Sultani Majid aliwakabidhi kwa Askofu Tozer. Mmoja wao, John Swedi, akaja kuwa shemasi. Mwaka 1876 kundi la watu waliokombolewa likavuka na Steere kurudi bara, wakaanzisha makazi Masasi. Na yupo Cecil Majaliwa. Huyu alikuwa Myao, aliletwa Unguja akiwa mtoto mateka, akawekwa huru, akasomeshwa, akatumwa Chitangali kule kusini awahubirie Wayao wenzake, na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Majina yao nilikuwa nimeyakariri zamani kwa ajili ya mtihani wa kipaimara. Sikuwahi kuyasikiliza. Cecil ni jina la Kiingereza, la ubatizo. Majaliwa ni neno letu la pwani, si la Kiyao. Hakuna mahali katika jina hilo ambapo baba yake amesimama. Kilichosimama pale pa baba ni neno la kutendewa: kujaliwa, kupewa na Mungu. Na kwa jina hilo hilo alisimama madhabahuni, akaita watu watoto wa Mungu, akarudi kwa watu wake.

Historia ya misheni haikuwa safi yote. Wako waliobatizwa wakabandikwa majina ya Ulaya wasiyoyataka, na utamaduni wao ukadharauliwa na watu waliokuja kuwahubiria upendo. Hilo lisemwe, na lisemwe na sisi wa ndani. Lakini siku ile sikuwa nafanya tathmini ya misheni. Nilikuwa nimekaa umbali wa hatua nne kutoka duara lile na mstari wa Isaya unanirudia wenyewe: "Usiogope, maana nimekukomboa, nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu."

Sisi tunaosema Kiswahili tumelizoea neno kukomboa mpaka limelainika. Tunakomboa kiwanja, tunakomboa simu iliyowekwa rehani. Pale Mkunazini lilikuwa na uzito wa chuma: mtu analipiwa, mnyororo unafunguliwa. Na "wewe u wangu"! Kila aliyenunuliwa pale aliambiwa maneno hayo, au aliyaona machoni mwa mnunuzi. Ndiyo maneno ya mwisho ambayo mtumwa angependa kuyasikia tena. Halafu Mungu anayachukua maneno yaleyale, anayatanguliza kwa "nimekuita kwa jina lako". Mnunuzi hana haja na jina. Anapanga bei kwa meno na mabega. Hata Hajiri, mjakazi wa Mwanzo 16, ukisoma sura hiyo taratibu utaona Sarai na Abramu wanazungumza juu yake bila kulitaja jina lake. "Mjakazi wangu", "mjakazi wako". Anayemwita Hajiri kwanza ni malaika wa Bwana, kule jangwani, akiwa na mimba na hana pa kwenda. Nikamwona mama yangu chini ya mwembe.

Usiku ule sikulala. Chumba changu kilikuwa cha juu na feni ilikuwa inalalamika. Nikafungua habari ya Yakobo, kwa sababu nilikumbuka kuna swali la jina mle ndani, na nikakuta yapo mawili. La kwanza anaulizwa na baba yake kipofu: "U nani wewe, mwanangu?" Naye anajibu, "Mimi ni Esau, mzaliwa wako wa kwanza." Amevaa nguo za kaka yake, ngozi za mbuzi mikononi, anataka baraka, na anaamini kabisa kwamba akijitaja mwenyewe hatabarikiwa. Baraka anaipata. Lakini aliyebarikiwa chumbani mle, kwa jina, ni Esau. Yakobo anatoka na baraka ya mtu mwingine na anaanza kukimbia, miaka ishirini kwa Labani, ameoa, amezaa, ametajirika. Mhasibu mzuri sana, Yakobo. Ukisoma habari za kondoo wake utakubali.

Swali la pili linakuja kivukoni, Yaboki, usiku, amebaki peke yake. Aliyeshindana naye anamwuliza, "Jina lako n'nani?" Wala haikuwa kwamba Mungu hajui. Anamrudisha kwenye swali la baba yake aliloliongopea. Safari hii anasema, "Yakobo." Neno moja. Mshika kisigino, mdanganyifu, yote yamo ndani ya neno hilo. Na ni baada ya hapo, si kabla, anaambiwa, "Jina lako hutaitwa tena Yakobo, ila Israeli." Nilikuwa nimelisoma hilo mara nyingi nikikimbilia Israeli. Sikuwa nimetambua kwamba Mungu hana jina jipya la kumpa Esau wa uongo. Angempa nani? Hakuna mtu pale.

Mimi nilikuwa nimeomba miaka kumi na tano kwa jina la mjomba. Binti wa Mfalme niliyemtangaza hakuwa mimi. Alikuwa mwanamke fulani mwenye baba.

Karibu na adhana ya alfajiri nikafika Nazareti. Marko 6, Yesu amerudi kwao, anafundisha, na watu wanasema, "Huyu si yule seremala, mwana wa Mariamu?" Myahudi alitajwa kwa baba yake. Yesu wanamtaja kwa mama. Wako wanaosema ni kwa sababu Yusufu alikuwa amekwisha kufa, na huenda. Lakini mtoto aliyekulia kijijini akiitwa kwa mama yake anaijua sauti hiyo, anajua kinachosemwa chini yake. Na Yohana 8, wanapobishana naye, wanatupa hili: "Sisi hatukuzaliwa kwa zinaa." Sisi. Nilisoma mstari huo nimesimama katikati ya chumba. Bwana wangu aliurushiwa kisimani pia.

Naye hakujibu kwa kutafuta ukoo wa kuwatisha. Alikuwa na sauti moja aliyoisikia mtoni, siku ya Yohana Mbatizaji: "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu, nimependezwa nawe." Alikuwa hajaponya mtu. Hajahubiri. Hajalisha elfu tano. Mara tu baada ya hapo shetani anamwendea jangwani na kuanza na "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu", thibitisha, geuza mawe. Anagoma kuthibitisha. Maisha yangu yote yalikuwa ni kugeuza mawe: kuongoza darasa, hesabu zisizokosea, ndoa isiyo na doa, yote ili siku mtu akiuliza "wa nani?" niwe na mkate wa kumwonyesha. Na asubuhi ya ufufuo anamwambia Mariamu Magdalene maneno ambayo nadhani ndiyo imani yangu yote: "Baba yangu naye ni Baba yenu." Anaigawa. Ile sauti ya mtoni haikuwa yake peke yake aifungie. Ndani yake nasi tunaambiwa.

Nilipiga magoti kando ya kitanda nikasema jina langu. La kwanza tu. Nikasema, sina baba wa kumtaja, huyu ndiye mimi. Sikusikia sauti. Sikuanguka chini. Nilichokiona ni kwamba nilipoanza "Baba yetu" sikuhitaji kuruka ngazi.

Yaliyofuata yalikuwa ya taratibu na mengine hayajaisha. Nilimwambia mume wangu ukweli wa ule msiba wa ndugu wa mbali. Alinyamaza, kisha akauliza kama nilipata chakula siku ile, maana alikumbuka nilirudi sina nguvu. Nilimwandikia mmoja wa wale watoto watano, yule wa vidole. Tunasalimiana sasa. Wengine hawajajibu na sijawadai. Mjomba nilimshukuru kwa jina lake, nikamwambia nitaendelea kulibeba, nalo bado limo kwenye kitambulisho changu hadi leo.

Mama ndiye aliyekuwa mgumu kumfikia. Nilimkuta anachambua mchicha uani. Nikakaa kwenye kigoda nikachukua fungu nami. Nikamwambia, "Mama, najua ulisimama chini ya mwembe." Hakuinua uso. Alichambua mpaka sinia ikajaa, majani na mashina yamechanganyika, ndipo akasema, "Walipokuwa wanatoka, bibi yako alikuja akakuweka mikononi mwangu. Utosi wako ulikuwa bado na maji. Nikayafuta kwa mkono, nikajipaka usoni." Tukabaki hapo. Baadaye tukauchambua upya ule mchicha.

Mwaka jana, katika mtaa wetu wa kanisa, binti mmoja wa miaka 19 alinifuata baada ya Misa. Ana mtoto wa miezi minne. Baba wa mtoto amezima simu. Akaniamkia, akasimama anakunja na kukunjua pembe ya kanga. "Mama, nataka kumbatiza mwanangu, lakini nitaandika nini pale kwenye jina la baba?" Nikamwambia tutakwenda pamoja kwa Padri, na tulikwenda, na Padri akasema aandike ukweli: aache wazi. Akaniomba niwe mama wa ubatizo.

Jumapili ile alisimama mbele mwenyewe na mtoto mikononi mwake. Mimi nilikuwa kushoto kwake, nimeshika mshumaa. Aliyevaa vizuri kuliko wote alikuwa mtoto. Kuna minong'ono ilipita mabenchi ya nyuma, niliisikia, naye aliisikia; shingo yake ilikakamaa. Padri akainamia kisima cha ubatizo, akajaribu maji kwa vidole, akamgeukia.

"Mtoto huyu aitwe nani?"

Akalitaja jina. Moja tu. Sauti ilikuwa ndogo, Padri akamwomba arudie, akarudia kwa nguvu mpaka likafika nyuma. Nikasubiri, kwa mazoea ya miaka yote, swali linalofuata. Halikuja. Padri akampokea mtoto, akateka maji kwa kiganja, akalirudia lile jina moja kama alivyopewa, akasema, "nakubatiza kwa jina la Baba."